Matone Matatu

Chupa ni ya kahawia, ndogo kama ya dawa ya kikohozi.
Naifungia kabatini, nyuma ya mizani iliyokufa,
kwa kuwa kilichomo kinaogopa jua
kuliko yeyote aliyezaliwa hapa Bahi.
Nitrati ya fedha. Gramu ishirini na tano.
Bei yake, alisema mkuu wa shule, mbuzi wawili na mtetea,
akanikabidhi daftari: kila tone na kazi yake.

Mwaka jana kidato cha nne tuliwatengenezea kioo.
Amonia, sukari kidogo, maji ya moto,
na neli ikavaa fedha kwa ndani, polepole,
mpaka Chilongani akaiona pua yake imepinda.
Darasa likacheka. Jioni nikabaki nayo peke yangu,
nikimtazama mzee aliyenitazama.

Shangazi Yudita, mkunga wa misheni,
zamani alikitia machoni mwa vichanga, tone kwa tone,
kimezimuliwa sana, wasije wakapofuka.
Kikikolea, alisema, ndicho kinachochoma chunjua.
Kikali kinaunguza, chepesi kinaokoa.
Ungekuwa hivyo ulimi wa mama mkwe wangu!

Jumamosi: "Mbukwa!"
Sechelela mlangoni, na dumu la lita tano.
Maji ya kisima kipya, kile kilichokatiwa utepe.
Maharage hayaivi, akasema. Chai inakatika.
Punda kanusa, kapiga chafya, kaenda zake.
Tukawaambia. Wakasema ulimi si kipimo.
Wewe unacho kipimo.

Nilikuwa nacho. Ruhusa ndiyo sikuwa nayo.

Tone la kwanza, maji ya mvua niliyokinga Machi:
kimya. Maji yakabaki maji.
La pili, maji ya bomba la stesheni:
ukungu, kama pumzi kwenye miwani.
La tatu, ya Sechelela:
maziwa, haki ya Mungu, maziwa,
yakaganda, yakashuka vipande vipande
kama mtindi uliosahauliwa kibuyuni.

Fedha ikikutana na chumvi haiagi tena.
Na chumvi hii tunafahamiana nayo:
bibi zetu waliikwangua mbugani kiangazi,
wakaichuja, wakaibadilisha kwa majembe.
Leo tumechimba mita mia moja na kumi kuikimbia,
tukaikuta imeketi, inatungoja.

"Ndiyo niliyoionja," akasema Sechelela,
wala hakushangaa. Akabeba dumu lake tupu.

Neli niliiacha dirishani.
Saa saba ikawa zambarau, rangi ya zabibu inayoanza kuiva,
alasiri ikawa jivu.

Sikujua kwamba na mimi nilikuwa dirishani.
Kitone kimoja, pembeni mwa kidole gumba:
Jumamosi hakikuwa na rangi,
Jumapili, kanisani, mwanga ukakipika taratibu
katikati ya zaburi,
Jumatatu kikaamka cheusi.
Sabuni haikukitoa, wala ndimu, wala mchanga.

Mwalimu Chidawali alinipa mkono wa asubuhi, asiuachie.
Akakigeuza kidole changu kwenye nuru
kama mtu anayesoma muhuri uliofifia.
"Daftari halina kazi ya Jumamosi."
Nikanyamaza. Ningesema nini?
Shahidi alikuwa ameshasema, na nimemleta mwenyewe.

Akavuta daftari. Akafungua kalamu.
"Matone mangapi?"
Matatu.
"Kazi gani?"
Nikamweleza: mvua, bomba, kisima.
Nje mkewe alikuwa anateremsha madumu mgongoni mwa punda,
manne ya njano, moja lina gunzi badala ya kizibo.
Akayatazama muda mrefu.
"Cha utepe?"
Cha utepe.
Akaandika: *Matone matatu. Maji.*
Akapuliza wino ukauke, ingawa ilikuwa kalamu ya risasi.

Barua kwenda wilayani tuliiandika wawili,
neli ya jivu tukaifunga kwa pamba ndani ya bahasha.
Doa lilikaa siku kumi na mbili,
likatoka na ngozi, kipande chembamba,
nikakiokota, sijui kwa nini, nikakitia daftarini.

Maharage bado hayaivi.